Geoffrey Archer na Ndege wa Kaskazini

Msafiri atokaye Embu kupitia Chuka na Meru, akateremka hadi Isiolo na kushika njia ya Marsabit, hufika Archer's Post, mji mdogo ulio karibu na mto Ewaso Ng'iro. Jina hilo hutamkwa kila siku, ila ni wachache wanaouliza asili yake. Makala haya yanasimulia kwa ufupi maisha ya mwenye jina.

Geoffrey Archer, Mwingereza, alizaliwa mwaka wa 1882. Alifika Afrika Mashariki akiwa kijana, akifuata nyayo za jamaa yake Frederick Jackson, mtawala aliyekuwa pia bingwa wa elimu ya ndege. Mwaka wa 1909, serikali ya kikoloni ilimtuma kaskazini kuanzisha utawala katika nyika ambazo haikuzidhibiti. Hapo ndipo kituo cha Ewaso Ng'iro kilipopata jina lake.

Baadaye alihamishiwa Somaliland, akapanda cheo hadi kuwa gavana. Huko ndiko alikofanya kazi yake kubwa ya kukusanya na kuchunguza ndege. Lakini mwaka wa 1920, chini ya utawala wake, ndege za kivita zilishambulia ngome za Sayyid Muhammad Abdille Hassan. Kiswahili hutumia neno moja kwa kiumbe na kwa chombo. Katika maisha ya Archer, maana zote mbili zilikutana. Alitawala pia Uganda, kisha Sudan, akajiuzulu mwaka wa 1926.

Akishirikiana na Eva Godman, aliandika majuzuu manne kuhusu ndege wa Somaliland na Ghuba ya Aden. Mawili ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 1937, na mawili ya mwisho mwaka wa 1961. Archer alifariki mwaka wa 1964.

Thamani ya kazi hiyo hudhihirika kwa kipozamataza mmoja mdogo wa mbugani aliyepewa jina la Archer. Tangu mwaka wa 1922, hajaonekana tena kwa uhakika Somaliland. Siku hizi wataalamu humhesabu kuwa spishi moja na yule wa uwanda wa Liben, kusini mwa Ethiopia, ambako nyasi anamotaga zinazidi kupungua. Pasingekuwa na kumbukumbu za wakati ule, nani angejua kwamba aliwahi kuishi Somaliland?

Hata hivyo, wafugaji wa nyika walimfahamu ndege huyo kabla ya gavana kufika, na jina la kisayansi halikuwakumbuka. Hapa pana wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Majina ya ndege katika Kisamburu, Kiborana, Kirendille, Kimeru na Kiembu yamo vinywani mwa wazee. Tuyakusanye na kuyaandika, pamoja na maelezo ya Kiswahili, wangali hai wazee hao na ndege wenyewe.