Hans Meyer na Mizani ya Kilimanjaro

Kampuni ya utalii ya nje inapotaka kupanua shughuli zake hadi nchini kwetu, kwanza hutuma watu wake waje kuipima nchi: njia zake, usalama wake, chakula chake na gharama zake. Jambo hili si geni. Katika miteremko ya Kilimanjaro lilifanyika zaidi ya miaka 130 iliyopita, na maisha ya mtu aliyelifanya yanafaa kuzingatiwa na viongozi wetu, pamoja na wasomaji wetu wa Visiwani.

Hans Meyer alizaliwa Ujerumani mwaka 1858, katika ukoo wa wachapishaji. Shirika lao la Leipzig lilikuwa na sifa kwa kamusi yake kubwa ya elimu, na lilichapa pia vitabu vya kuwaongoza wasafiri. Meyer aliizunguka dunia, kisha akaingia katika uongozi wa shirika hilo. Hakuja huku kutafuta kiwanja cha hoteli. Alikuja kwa ajili ya elimu na fahari ya taifa lake, lililokuwa likijitwalia makoloni. Hata hivyo, maswali aliyolazimika kuyajibu ni yale yale ya mfanyabiashara wa leo.

Mwaka 1887 alipanda Kibo akazuiwa na theluji na ukuta wa barafu, kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kutosha. Mwaka 1888 alirudi akiwa na Oscar Baumann, lakini safari hii hata mlimani hakufika. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekabidhiwa pwani kwa mkataba na Sultani, bila ya ridhaa ya wenyeji, na watu walikwisha inuka chini ya Abushiri. Meyer na mwenziwe walikamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiliwa kwa fidia. Alikuwa ameupima mlima. Hakuwa amewapima watu.

Mwaka 1889 alijipanga upya. Msafara wake ulipata wapagazi Unguja, ukapitia Mombasa kwa sababu ya vita, ukafika Marangu, mashariki ya Moshi, ambako Mangi Marealle aliupokea vyema. Meyer na mwenziwe Ludwig Purtscheller wa Austria walipiga kambi juu kabisa, na kila baada ya siku chache wapagazi waliwapelekea chakula kutoka Marangu. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki nao kambini katika baridi ile. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakarudi. Tarehe 6 Oktoba walikanyaga kilele, na Meyer akakiita kwa jina la Kaisari Wilhelm.

Alirudi mwaka 1898, akaona kwamba barafu ya Kibo imepungua. Mwaka 1915 alikuwa profesa wa jiografia ya makoloni huko Leipzig, na alipofariki mwaka 1929 Ujerumani haikuwa tena na koloni lolote. Baadaye kilele kile, chenye urefu wa mita 5,895, kiliitwa Uhuru.

Somo ni dhahiri. Tofauti kati ya kushindwa kwa mwaka 1888 na kufaulu kwa mwaka 1889 haikuwa barafu tu. Ilikuwa pia ridhaa ya mwenyeji, njia yenye amani, na migongo ya wapagazi iliyopandisha chakula. Lakini heshima ilikwenda Leipzig, na majina mengi ya wapagazi hao hayakuandikwa popote.

Leo wageni wengi hupitia Moshi wakielekea mlimani, na mizigo ya wapagazi hupimwa langoni. Ni vizuri. Lakini hapana budi tupime na mengine: ujira wa mpagazi, mavazi yake ya baridi, na sehemu ya fedha inayobaki vijijini. Vivyo hivyo kwa fukwe za Unguja na Pemba. Mkataba uliotiwa sahihi na mkubwa pekee ulikwisha leta vita katika pwani hii.

Kampuni ya kigeni ina haki ya kuipima nchi yetu kabla ya kuweka fedha zake. Na sisi tuna wajibu wa kuipima kampuni hiyo kabla ya kuifungulia mlango.