Beatrix Potter na Daftari Lake: Maisha ya Mchoraji wa Vitabu vya Watoto na Faida Yake kwa Mwalimu

Miongoni mwa walimu na wanachuo imeota mizizi imani ya kwamba kuchora ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho au huzaliwa bila nacho. Mwanachuo anayeshindwa kuchora kuku ubaoni husema kuwa hakujaliwa, na mkufunzi wake, kwa huruma au kwa uchovu, humwacha aende zake. Matokeo yake huonekana baadaye. Tunapozunguka kukagua mazoezi ya ufundishaji, mara kwa mara twakuta kipindi cha Sanaa ambamo mwalimu amechora kikombe ubaoni na watoto arobaini wananakili kikombe kile kile, ilhali nje ya dirisha yupo mbuzi, upo mwembe, na ukutani yupo mjusi asiyetazamwa na mtu.

Njia moja ya kuipima imani hiyo ni kuyachunguza maisha ya mtu ambaye dunia nzima humwita mwenye kipaji. Tumemchagua Beatrix Potter, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1866 na kufariki mwaka 1943, mtungaji na mchoraji wa hadithi za wanyama kwa watoto wadogo. Kitabu chake cha kwanza, The Tale of Peter Rabbit, kilitolewa kwa wasomaji wote mwaka 1902 na hakijaacha kuchapishwa tangu wakati huo. Hata hivyo, jambo lenye manufaa zaidi kwa mwalimu ni miaka zaidi ya 25 iliyotangulia kitabu hicho, miaka ya kuchora bila kukoma, na kwa sehemu kubwa bila malipo wala sifa.

Malezi na masomo ya nyumbani

Beatrix alizaliwa tarehe 28 Julai 1866 katika mtaa wa Bolton Gardens, London. Baba yake, Rupert Potter, alikuwa mwanasheria, lakini utajiri wa familia ulitokana na biashara ya pamba ya kaskazini mwa Uingereza. Kama ilivyokuwa desturi kwa mabinti wa matajiri wa zama zile, hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani na walimu wa kike walioajiriwa na wazazi wake. Ndugu yake wa pekee, Bertram, alizaliwa mwaka 1872, na baadaye alipelekwa shule ya bweni, dada akabaki karibu peke yake katika chumba cha juu cha nyumba kubwa na kimya.

Chumbani humo walikaa wanyama. Kwa nyakati mbalimbali Beatrix na Bertram walifuga sungura, panya, vyura, mijusi, popo, konokono na kalunguyeye. Mnyama alipokufa hawakuishia kumzika tu. Baadhi ya mizoga waliichemsha hadi nyama ikatoka, wakaiunga mifupa upya, na kuichora. Huenda jambo hili likamchukiza msomaji, lakini ndilo lililomfundisha mtoto yule kwamba chini ya manyoya laini pana kiungo kinachopinda mahali maalumu na si penginepo.

Kila mwaka familia ilihama London kwa miezi kadhaa ya kiangazi. Tangu mwaka 1871 hadi 1881 walikwenda Dalguise, Uskochi, katika bonde la mto Tay, na mwaka 1882 walianza kwenda katika wilaya ya maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Limehifadhiwa daftari lake la mwaka 1875, alipokuwa na umri wa miaka minane, lenye michoro ya viwavi na maelezo mafupi kando ya michoro hiyo. Twaomba mwalimu alitafakari daftari hilo. Mtoto wa umri wa darasa la pili alichora kiumbe aliyemwona, kisha akaandika alichokiona. Somo la Sanaa, somo la Sayansi na somo la Lugha yalikutana katika ukurasa mmoja, wala hapakuwa na ratiba iliyoyatenganisha.

Mazoea ya kila siku

Alifundishwa pia kuchora kwa utaratibu, akajifunza maumbo, vipimo na jinsi vitu vya mbali vinavyoonekana vidogo. Alipata hata cheti cha serikali cha wanafunzi wa sanaa. Lakini alihofu kwamba mwalimu angeweza kumlazimisha auache mkono wake na kushika wa mwingine. Kwa hiyo shule yake kubwa ikawa ni kutazama. Alichora sungura wake amelala, amekaa, anajikuna na anakula, na katika ukurasa mmoja kichwa kile kile hurudiwa mara kadhaa kwa pembe tofauti. Alikwenda na karatasi katika majumba ya makumbusho ya London, akachora wadudu na visukuku. Kwa muda wa miaka ipatayo 15, hadi 1897, aliandika pia shajara kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe. Siri hiyo haikufumbuliwa hadi mwaka 1958, na mfumbuaji alikuwa Leslie Linder.

Sungura wawili wana nafasi ya pekee katika habari hizi. Wa kwanza aliitwa Benjamin. Mwaka 1890 Beatrix aliuza michoro iliyotokana naye ikachapishwa katika kadi za salamu, na hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yake ya mwanzo. Wa pili, Peter, aliishi naye miaka mingi na akafa mwaka 1901. Msomaji wetu amezoea Sungura wa ngano, mjanja anayewashinda fisi na simba kwa maneno. Sungura wa Potter huvaa koti na viatu, lakini akivua koti hilo anabaki sungura kamili wa shambani, mwenye mifupa na misuli iliyopimwa kwa jicho kwa miaka mingi.

Palikuwa na jambo moja lililomshinda. Picha zake za binadamu ni dhaifu. Nyuso zimekakamaa na miili haina uhai, na yeye mwenyewe alilitambua hilo. Kwetu udhaifu huo una thamani kubwa. Lau kuchora kungekuwa kipaji kilichomiminwa mkononi tangu kuzaliwa, mkono uliomchora panya kwa ustadi ule ungemchora na mtu vivyo hivyo. Lakini alikichora vizuri kile alichokitazama kwa miaka mingi, na akashindwa pale ambapo mazoezi yake yalikuwa haba.

Mlango uliofungwa

Katika miaka ya 1890 Beatrix aliutia moyo wake katika uchunguzi wa uyoga. Huko Uskochi alisaidiwa na Charles McIntosh, mtumishi wa posta aliyekuwa mjuzi mkubwa wa mimea. Mzee huyo alimpelekea vielelezo, naye akachora mamia ya picha za rangi ya maji, akitumia hadubini kuona sehemu zisizoonekana kwa macho matupu. Akaanza kuchunguza namna vijimbegu vya uyoga vinavyoota.

Mjomba wake wa ndoa, mkemia Henry Roscoe, alimfikisha kwa wakuu wa bustani ya mimea ya Kew, lakini hakupokewa kama mtafiti. Mwezi Aprili 1897 makala yake ilifikishwa mbele ya chama cha wanasayansi cha Linnean, London. Iliwasilishwa na mwanamume wa Kew, George Massee, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wala kuhudhuria mikutano. Hatimaye aliiondoa, na haikuchapishwa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1997, chama hicho kilikiri kwamba hakikumtendea haki. Baadhi ya picha zake za uyoga zilikuwa zimekwisha kutumiwa mwaka 1967 katika kitabu cha kuutambulisha uyoga.

Haifai kuipita habari hii haraka. Kosa halikuwa katika mchoro wala katika uchunguzi. Lilikuwa kwa waliotazama nani ameshika kalamu badala ya kutazama alichokichora. Mwalimu anayemwambia msichana kuwa hadubini ni ya wavulana huurudia uamuzi ule ule.

Barua iliyogeuka kitabu

Tarehe 4 Septemba 1893 Beatrix alikuwa Dunkeld, Uskochi. Huko London mtoto wa miaka mitano, Noel, alikuwa mgonjwa. Mama yake, Annie Moore, alikuwa ndiye mwalimu wa mwisho wa Beatrix kabla ya kuolewa. Beatrix alimwandikia mtoto huyo barua yenye hadithi ya sungura wadogo wanne, na kati ya maneno akachora picha kwa wino. Baadaye Annie Moore alimshauri kwamba barua alizowaandikia watoto wake zingefaa kuwa vitabu. Noel alikuwa ameitunza barua yake, Beatrix akaiazima, akainakili na kuirefusha.

Wachapishaji wasiopungua sita waliikataa. Baadhi walitaka kitabu kikubwa chenye bei kubwa, naye alishikilia kiwe kidogo, kienee katika mikono ya mtoto na kinunulike. Mwezi Desemba 1901 alichapisha mwenyewe nakala 250 kwa fedha zake. Ndipo kampuni ya Frederick Warne ikakubali kukitoa kwa sharti kwamba picha zitiwe rangi. Kilitoka Oktoba 1902, na kabla ya mwaka kwisha nakala zipatazo 28,000 zilikuwa zimechapishwa.

Muundo wa kitabu hicho wafaa kuchunguzwa na kila atayarishaye vitabu vya kusomea. Kila picha imepewa maneno machache, na mtoto asiyejua kusoma aweza kuifuata hadithi kwa macho. Hata hivyo mwandishi hakuwadharau wasomaji wake. Katika hadithi ya mwaka 1909 alitia kusudi neno gumu la kitaalamu lenye maana ya kuleta usingizi, kwa kuwa sungura waliokula majani ya saladi walikuwa wamekwisha kulala pichani, na picha ikalifasiri neno.

Uchunguzi wake haukupungua baada ya kupata umaarufu. Alipokuwa akiandaa hadithi ya fundi mshoni wa Gloucester, iliyotoka mwaka 1903, aling'oa kifungo cha koti lake ili apate sababu ya kuingia katika duka la mshoni mmoja wa London, akaketi kutazama jinsi fundi anavyokaa na vifaa vyake vilivyotapakaa. Kisha alikwenda makumbusho kuchora vizibao vya kale vilivyodariziwa.

Huzuni na shamba

Mwezi Julai 1905 Norman Warne, aliyeshughulikia vitabu vyake katika kampuni, alimposa. Wazazi wake walipinga kwa kuwa mchumba alikuwa mtu wa biashara, ingawa fedha zao wenyewe zilitoka katika biashara. Beatrix alikubali posa. Tarehe 25 Agosti mwaka huo huo Norman alifariki kwa ugonjwa wa damu.

Mwaka huo alinunua shamba la Hill Top katika kijiji cha Near Sawrey, katika ile wilaya ya maziwa. Huko alifanya kazi kwa bidii kubwa. Ngazi, kabati, jiko na bustani za nyumba ile zinaonekana katika vitabu vyake. Katika hadithi ya bata Jemima, ya mwaka 1908, hata mke wa msimamizi wa shamba na watoto wake wamo. Mwaka 1913 aliolewa na William Heelis, mwanasheria wa huko. Macho yalipopungua nguvu, vitabu navyo vilipungua, naye akajitia zaidi katika ufugaji wa kondoo wa asili wa milima ile. Alifariki tarehe 22 Desemba 1943, akaacha ekari zaidi ya 4,000 kwa shirika la taifa la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale.

Mafunzo kwa mwalimu

Huenda msomaji akapinga kwamba mtu huyu alikuwa tajiri, hakukosa karatasi wala rangi wala wakati. Pingamizi hilo ni la kweli. Mtoto wa mkulima hana chumba cha juu wala likizo ya miezi mitatu, na upweke wa Beatrix si malezi tunayoweza kuyapendekeza. Lakini viwavi wa Dalguise hawakununuliwa, na daftari la mwaka 1875 halikuhitaji zaidi ya karatasi, penseli na muda wa kutazama. Hayo twaweza kuyapata.

Twapendekeza, basi, kwamba kila mwanachuo awe na daftari la kuchora la mwaka mzima, na kila siku achore kitu kimoja kilicho mbele yake kwa dakika kumi: jani, kuku, mguu wa kiti, mkono wa mwenzake. Kila mchoro uandikwe tarehe, na chini yake sentensi mbili za alichokiona. Asifute, bali achore tena pembeni. Mkufunzi asitoe alama kwa uzuri wa picha. Ailinganishe michoro ya Januari na ile ya Juni mbele ya mwenye daftari, amwulize ni kitu gani anakiona sasa ambacho hapo awali hakukiona. Shuleni, pale ambapo madaftari ni haba, vipande vya ubao na chaki vitatosha, au mchanga wa uani na kijiti, na michoro michache ihamishiwe kwenye karatasi ya darasa na kutunzwa. Mwalimu naye achore pamoja na watoto, ili waone kwamba yeye pia hutazama mara mbili kabla ya kuugusa ubao.