Askofu Festo Kivengere: Patana na Mkeo Kwanza, Kisha Ukahubiri

Safari hii tumwangalie Mganda mmoja ambaye Waingereza, Wamarekani na Waaustralia walijaa kumsikiliza, lakini mahubiri yake makubwa aliyaanzia jikoni kwake. Huyu ni Askofu Festo Kivengere.

Alizaliwa mwaka 1919 kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji, na utotoni alichunga ng'ombe. Shule za misheni zikampa elimu, akawa mwalimu. Kusema kweli, ujana wake haukuwa wa kanisani sana. Dini aliiweka pembeni, pombe akaipenda, na wazungu wa misheni hakuwapenda hata kidogo.

Miaka hiyo Uamsho ulikuwa umewaka kutoka Gahini, Rwanda, ukavuka mpaka kuingia Kigezi. Waliouamini waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Kilichowashangaza watu si nyimbo zao tu. Mtu aliyeiba alirudisha mali. Mwenye deni alilipa. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele za watu. Maonyo ya Biblia juu ya dhambi, ambayo wengi walizoea kuyasikia Jumapili na kuyaacha palepale kwenye benchi, wao waliyapeleka sokoni, shambani na chumbani. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni, kama inavyofundisha barua ya kwanza ya Yohana.

Festo aliwaona ni watu wa kuchosha. Lakini siku moja mwaka 1941, akiwa ametoka kunywa, alikutana njiani na rafiki yake, mwalimu mwenzake, anakuja mbio na baiskeli. Rafiki alimwambia kwamba ameokoka, kisha akamwomba msamaha kwa mambo kadhaa waliyokoseana. Festo akabaki mdomo wazi. Angetoa hoja za kuipinga dini, lakini rafiki anayekuomba msamaha utamjibu nini? Usiku ule alipiga magoti.

Ndipo kazi ikaanza. Kulikuwa na mmisionari mmoja Mwingereza aliyemchukia. Dhamiri ikamsumbua: huyo naye ni ndugu yako sasa, nenda. Alipanda baiskeli, akaendesha maili 50 hivi, akamweleza yule mzungu wazi kwamba alikuwa akimchukia na anaomba msamaha. Wakakumbatiana. Angalieni hapo: Festo alikuwa na sababu zake, maana ukoloni ulikuwa na dharau zake. Lakini hakungoja mzungu aanze. Chuki iliyokuwa ndani yake aliihesabu kuwa dhambi yake mwenyewe, akaishughulikia.

Mwaka 1943 alimwoa Mera, na baadaye wakahamia Dodoma, Tanganyika, alikofundisha kwa miaka mingi. Kiswahili kikamkaa vizuri, hata Billy Graham alipohubiri Tanganyika mwaka 1960, Festo ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Miaka hiyo hiyo ya 1960 alikuwa mwanafunzi ughaibuni kama sisi, akisoma theolojia kule Pittsburgh, Marekani.

Kisa alichopenda kukisimulia ni hiki. Siku moja yeye na Mera waligombana, na muda wa kwenda kuhubiri ukawa umefika. Akawa anatoka, lakini moyoni akasikia anaambiwa arudi kwanza akapatane na mkewe. Akajitetea kwamba watu wanamsubiri, wataongea akirudi. Akaona wazi kwamba akishikilia hivyo ataenda peke yake, na Bwana atabaki jikoni na Mera. Ikabidi arudi, aombe msamaha, wasali pamoja, ndipo aende. Hapo ndipo Mathayo 5 inapogusa maisha: sadaka iache madhabahuni, kapatane na ndugu yako kwanza.

Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi, Idi Amin akiwa madarakani. Februari 1973 watu 3 waliuawa hadharani kwa risasi katika uwanja wa Kabale, naye aliongea nao dakika zao za mwisho. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Festo na Mera wakatoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda.

Akiwa uhamishoni aligundua kitu kibaya kinakua ndani yake. Alikuwa anamchukia Amin. Nani angemlaumu? Lakini Ijumaa Kuu ya mwaka huo, kanisani London, aliona kwamba Kristo msalabani aliwaombea waliomsulubisha, na yeye hana ruhusa ya kubaki na uchungu wake. Akamsamehe. Baadaye akaandika kitabu ambacho jina lake lilisema anampenda Idi Amin, na wengi wakashangaa. Hakuyahalalisha mauaji, aliendelea kuyakemea na kuwasaidia wakimbizi. Amin alipoanguka mwaka 1979, akarudi kujenga upya. Alifariki kwa saratani ya damu jijini Nairobi, Mei 1988.

Sasa sisi tunajifunza nini? Hapa Oman Wakristo wengi tunakwenda kusali Ghala au Ruwi siku ya Ijumaa. Tunaimba vizuri, si mchezo. Lakini je, yule unayekaa naye chumba kimoja mmenuniana wiki ya ngapi? Kazi uliyonakili ukaandika jina lako, je? Pesa uliyokopa ukaanza kumkwepa mwenyewe? Nyumbani umewaambia ada imeongezeka, kumbe umenunua simu? Tunapenda kukemea rushwa za mawaziri wetu, na ni haki kuzikemea, lakini hizi ndogo ndogo tunaziita ujanja.

Ndugu zetu Waislamu tunaosoma nao nao wanafundishwa kwamba haki ya mtu haifutwi kwa sala tu, mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe. Kwa hiyo hakuna atakayekushangaa ukimgongea mlango.

Basi kabla hatujapanda gari Ijumaa ijayo, kila mmoja wetu amtafute mtu wake mmoja, alipe, akiri, au aombe radhi. Mungu awabariki, na mitihani iwe myepesi kwenu nyote.