Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 18: Goti la mwenzako



Ndugu yangu uliyefunga, ile hadithi ya mwenye nguvu na mieleka unaijua. Imesomwa mimbarini miaka yote, na pengine umeizoea mpaka haikugusi tena. Basi leo nakuletea habari za mtu ambaye mieleka ndiyo ilikuwa kazi yake hasa, siyo mfano tu.

Jina lake Gholamreza Takhti. Alizaliwa mwaka 1930 Khaniabad, mtaa wa watu wa hali ya chini kusini mwa Tehran, Iran. Shule hakufika nayo mbali, shida za nyumbani zilimkatisha. Akaenda kutafuta riziki kwenye kampuni ya mafuta kule Masjed Soleyman, na mieleka hakuiacha.

Kabla ya kukuambia alishinda nini, uijue kwanza nyumba iliyolea mabingwa wa kwao. Wairani wana kumbi za mazoezi za tangu zamani ziitwazo zurkhaneh, yaani nyumba ya nguvu. Mlango wake hujengwa mfupi makusudi, ili kila anayeingia ainamishe kichwa, awe tajiri awe hamali. Uwanja wenyewe ni shimo lililochimbwa chini ya sakafu, watazamaji wanakaa juu. Bingwa anatazamwa akiwa chini ya watu! Anayepiga ngoma humo huwaswalisha watu Mtume (s.a.w.), na wadogo hawatangulii mbele ya wakubwa. Humo humo vijana husimuliwa kisa cha Pahlavan Mahmud wa Khiva, mwanamieleka wa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Wanasema alimsikia mama mmoja msikitini akimlilia Mola mwanawe ashinde, na mpinzani wa huyo kijana ni yeye Mahmud. Siku ya pambano akajiachia, akaangushwa chali. Kama kisa kilitokea hivyo hivyo Allah ndiye mjuzi, lakini kijana anayelelewa na visa vya namna hiyo haoni kushinda kuwa ndiyo mwisho wa kila kitu.

Sasa Takhti. Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alipata fedha. Melbourne mwaka 1956 akachukua dhahabu, miongoni mwa dhahabu za kwanza kabisa za nchi yake. Rome mwaka 1960 fedha tena. Ubingwa wa dunia aliuchukua mwaka 1959 pale pale Tehran, na mwaka 1961 Yokohama, Japani. Medali zipo nyingi, tusizihesabu zote.

Watu wake hawamkumbuki kwa medali. Wanakumbuka goti.

Inasimuliwa kwamba alipokutana na Alexander Medved wa Soviet, mmoja wa wanamieleka hodari kabisa waliopata kuishi, Takhti alipata habari kuwa goti la kulia la mwenzake limeumia. Wewe unajua mieleka ilivyo, mguu ndiyo mlango. Ukiukamata vizuri mtu kaenda chini. Takhti akaucheza mguu mzima peke yake, ule mbovu hakuugusa. Na pambano akashindwa! Hakuja malaika kumnyanyulia mkono mwishoni. Mwaka 1962, mashindano ya dunia ya Toledo, Marekani, dhahabu ilikwenda kwa Medved na Takhti akarudi na fedha.

Hebu nikuulize, maana tumefunga wote na hasira ziko karibu jioni hizi. Wewe goti la mwenzako unalijua. Unajua deni la jirani yako. Unajua mkeo akitajiwa ndugu yake fulani analia. Unajua yule mliyegombana naye kwenye kamati ya msikiti aliwahi kuteleza huko nyuma, na siri hiyo unayo. Mkibishana leo kabla ya futari, mkono wako unakwenda wapi?

Kisa kingine ni cha Moscow. Alimshinda Anatoly Albul mbele ya watu wa kwao. Badala ya kuzunguka uwanja anashangiliwa, Takhti alimwona mama yake Albul amekaa na huzuni usoni. Akamwendea. Akamwomba radhi kwa matokeo, na akamwambia kuwa mwanawe ni mwanamieleka mkubwa. Mama yule akatabasamu, akambusu. Maneno mawili matatu tu, na hayakumpunguzia ushindi hata chembe.

Septemba 1962 ikatokea zilzala ya Buin Zahra, magharibi ya Tehran. Walikufa watu zaidi ya 12,000. Takhti akatoka kwa miguu kwenye barabara kubwa ya Tehran akiomba msaada kwa ajili ya waathirika. Bingwa wa Olimpiki, anaomba barabarani kama masikini! Watu wakatoa pesa, nguo, mablanketi. Walimwamini, na hilo nadhani serikali ya Shah haikulipenda, kwani alikuwa anajulikana kuwa upande wa Mosaddegh, waziri mkuu aliyepinduliwa.

Alifariki Januari 1968 katika hoteli mjini Tehran, umri miaka 37. Serikali ilitangaza kuwa amejiua. Wengi katika watu wake hawakukubali, na hawajakubali mpaka leo. Sisi hatukuwepo, tumwachie Mola wake.

Amezikwa Ibn Babawayh, mji wa Rey, kusini ya Tehran. Kila mwaka ikifika siku ya kifo chake watu hukusanyika kaburini, wazee kwa vijana, na miongoni mwao wamo wanamieleka waliozaliwa miaka mingi baada ya yeye kuondoka.

Tukutane kesho baada ya daku, inshaAllah.