Kaggia, askari aliyepoteza kiti kwa sababu ya ardhi

Bildad Kaggia aliingia jeshi la Waingereza mwaka 1940, akatumika Mashariki ya Kati na Uingereza. Aliporudi Kenya baada ya vita, hakukubali tena kutawaliwa. Alijiunga na vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1952 akakamatwa pamoja na Jomo Kenyatta. Kesi ya Kapenguria ilimfunga miaka saba ya kazi ngumu.

Mwaka 1963 wananchi wa Kandara walimchagua kuwa mbunge, na serikali ikampa uwaziri msaidizi wa Elimu. Alidai ardhi ya walowezi igawiwe bure kwa wasio na mashamba, wakati serikali ilitaka inunuliwe. Mwaka 1964 wadhifa ukamtoka. Mwaka uliofuata Kenyatta alimsuta hadharani kwamba wenzake waliofungwa pamoja walikuwa wamejijenga, naye hana kitu.

Mwaka 1966 Kaggia alihamia KPU ya Oginga Odinga. Sheria mpya iliwalazimu wabunge waliohama kurudi kwa wapiga kura, na Kandara ikamwangusha. Aliendesha mashine ya kusaga mahindi, akafariki mwaka 2005 bila utajiri. Mgogoro wa ardhi aliouacha bado haujaisha.