Boltzmann: Msomi aliyepima vurugu kwa hesabu

KATIKA makaburi makuu ya jiji la Vienna, Austria, kuna kaburi lenye sanamu ya msomi mwenye ndevu. Juu ya sanamu hiyo imechongwa kanuni fupi ya hesabu: S = k log W.

Hapo ndipo alipolazwa Ludwig Boltzmann, aliyezaliwa jijini humo Februari 20, 1844. Babake, afisa wa ushuru, alifariki Ludwig akiwa na umri wa miaka 15. Hata hivyo, kijana huyo hakuacha masomo. Alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1866, na miaka mitatu baadaye akateuliwa profesa katika Chuo Kikuu cha Graz.

Swali lililomshughulisha lilikuwa kwa nini joto huhama kutoka kwa kitu moto hadi kwa kitu baridi, wala halirudi lenyewe. Mnamo 1877 alieleza kwamba gesi ni chembe nyingi mno, na hali inayoweza kupatikana kwa njia nyingi zaidi ndiyo hutokea. Kipimo cha wingi wa njia hizo huitwa entropia.

Kipimo hicho kina sifa tatu. Palipo na tokeo moja tu, huwa sifuri. Matokeo yote yakiwa na uwezekano sawa, kama pande sita za dadu lisilo na hila, hufikia kilele. Mifumo miwili isiyotegemeana ikiunganishwa, njia zake huzidishwa ilhali entropia hujumlishwa. Hiyo ndiyo kazi ya logaridhimu katika kanuni hiyo.

Wasomi mashuhuri, wakiwemo Ernst Mach na Wilhelm Ostwald, hawakukubali kwamba atomu zipo. Boltzmann alibishana nao kwa miaka mingi, huku akisumbuliwa na maradhi ya huzuni. Septemba 5, 1906, akiwa likizoni Duino karibu na Trieste, alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Ushindi ulikuwa karibu. Kuanzia 1908, majaribio ya Mfaransa Jean Perrin yalithibitisha kuwapo kwa atomu, na Ostwald mwenyewe akasalimu amri.

Mnamo 1948, Mmarekani Claude Shannon alitumia kipimo cha umbo lilo hilo kupima habari zinazopitishwa katika mitambo ya mawasiliano. Hivyo, hesabu iliyobuniwa kwa ajili ya gesi ikawa msingi wa kupima kutotabirika kwa jambo lolote lenye matokeo mengi.