Ambroise Paré, munganga aliyeacha kuchoma vidonda vya risasi

Ambroise Paré alizaliwa karibu na mwaka wa 1510, pembeni ya muji wa Laval, Ufaransa. Hakusoma chuo kikuu. Alijifunza kazi ya kinyozi, sababu wakati ule vinyozi ndio walikuwa wanapasua wagonjwa.

Mwaka wa 1537 alifuata jeshi la Ufaransa katika vita vya Italia, karibu na Turin. Waganga waliamini kama baruti inatia sumu mu kidonda, basi walimwanga ndani mafuta ya kuchemka. Siku moja majeruhi walikuwa wengi, mafuta yakaisha. Paré akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na terebentini, akapaka wale waliobaki. Usiku usingizi haukukuja, aliogopa atawakuta wamekufa. Asubui na mapema akaenda kuwaangalia. Kumbe wale wa dawa mpya walikuwa wamepumzika, maumivu kidogo. Wale wa mafuta ya moto walikuwa na homa, vidonda vimevimba. Toka pale akaacha kuchoma watu.

Mwaka wa 1545 alitoa kitabu juu ya vidonda hivyo, kwa Kifaransa, si Kilatini, ili vinyozi wenzake waweze kusoma. Mwaka wa 1552, majeruhi mumoja alipokatwa muguu, Paré alifunga mishipa ya damu na uzi, pahali pa kuichoma na chuma cha moto.

Alitumikia wafalme wanne, akafia Paris mwaka wa 1590. Mpaka leo, kwenye chumba cha kupasulia, mishipa ya majeruhi inafungwa na uzi.